Sarafu Isibaki Bubu Koponi: Kuzisoma, Kuzitunza na Kuwaonyesha Wenzako Sarafu za Kale na za Kigeni

Bibi yangu aliniachia kopo la sarafu. Zilikuwa 41, za nchi nyingi kuliko alizowahi kuzikanyaga. Leo naweza kukwambia kila moja ilifuliwa wapi, mwaka gani na kwa madini gani. Ila nani alimletea, kutoka safari ipi, na kwa nini aliihifadhi badala ya kuitumia, hayo alikwenda nayo, kwa sababu sikumuuliza angali hai. Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye kopo kama lile, au bahasha, au droo, anayetaka sarafu zake zionwe na zizungumzwe. Hauhitaji fedha nyingi wala elimu ya makumbusho. Unahitaji meza, mwanga, na subira.

Hatua ya 1: Zitoe, lakini usizisugue

Tandika taulo nene mezani. Nawa mikono, ikaushe vizuri, kisha zitoe moja moja. Usizimwage, maana zikigongana zinaachiana makovu. Shika sarafu kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, usiguse uso wake. Jasho lina chumvi na tindikali. Alama ya kidole inaweza isionekane leo, ikajitokeza wiki kadhaa baadaye, na kwenye shaba nyekundu haitoki tena.

Ukiona weusi na ukungu juu ya sarafu, mkono utakuwasha uchukue mswaki. Uzuie. Mimi niliwahi kuisugua sarafu ya fedha kwa soda ya kuokea mpaka ikameta, na hadi leo ukiiweka chini ya lenzi utaona mikwaruzo elfu inayokwenda upande mmoja. Weusi ule ulikuwa utando mwembamba uliotokana na salfa ya hewani kukutana na fedha, na chini yake uso wa sarafu ulikuwa mzima. Shaba nayo hujivika hudhurungi inayoikinga isiliwe zaidi. Wakusanyaji wazoefu huitafuta rangi hiyo ya uzee, wanasikitika wakikuta imeondolewa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Siki, ndimu, dawa ya meno, majivu, vyote viache jikoni.

Kama kuna udongo uliogandamana, iloweke katika maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvichumvi, kwa siku kadhaa ukiyabadilisha, kisha igusishe kitambaa laini bila kupangusa. Hapo simama.

Kijani kiko cha namna mbili, na lazima uvitofautishe. Utando wa kijani unaonata kama mafuta hutokana na plastiki mbaya ya kuhifadhia. Huo huyeyuka kwa asetoni safi, ukitumia chombo cha glasi, madirisha wazi na mbali na moto. Unga wa kijani hafifu unaotimka kama vumbi ni jambo jingine: ni chumvi za kloridi zinazoila shaba kutoka ndani kila zikipata unyevu. Sarafu yenye unga huo itenge na wenzake siku hiyohiyo, iweke pakavu kabisa, utafute mtu anayejua kuitibu.

Hatua ya 2: Isome

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokupa cha kusema baadaye mbele ya watu. Tafuta lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Taa iweke ubavuni, si juu, ili vivuli vichore maandishi yaliyolika.

Anza na jina la nchi. Nchi nyingi hazijiiti tunavyoziita sisi. HELVETIA ni Uswisi, iliyochagua jina la Kilatini lisilopendelea lugha yoyote kati ya zile nne za taifa. SUOMI ni Finland, MAGYAR ni Hungaria, HRVATSKA ni Croatia, ÖSTERREICH ni Austria, ΕΛΛΑΣ ni Ugiriki. CCCP si herufi zetu: ni herufi za Kirusi zinazosomeka SSSR, yaani Muungano wa Kisovieti. Wapo pia walioficha jina lao kabisa. Kwenye sarafu nyingi za Uingereza utakuta cheo cha mfalme kwa Kilatini kilichofupishwa, na huna budi kuzoea vifupisho hivyo.

Kisha mwaka, na hapa usiharakishe. Si kila tarakimu ni ya kalenda unayoizoea. Sarafu ya Thailand yenye mwaka 2505 haikutoka siku zijazo. Toa 543, upate 1962. Ya Ethiopia yenye mwaka 1969 kwa hesabu yao ni ya 1977, kwa kuwa kalenda yao iko nyuma kwa miaka 7 au 8. Japani huhesabu miaka ya enzi ya mfalme: enzi ya Showa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622, utafika karibu kabisa na mwaka wa Miladia. Jaribu na 1293: utapata 1876, mwaka Sultani Abdülhamid wa Pili wa Dola ya Osmani (Uturuki) alipotawazwa. Na hapo kuna mtego mzuri. Sarafu zake zote zimeandikwa 1293, hata zile zilizofuliwa miaka 30 baadaye, kwa sababu huo ni mwaka wa kukalia kiti. Mwaka wenyewe wa kufuliwa ni tarakimu nyingine ndogo, inayohesabu miaka ya utawala. Ukikuta 33, jumlisha 1293 na 33, toa 1, ndipo uugeuze kuwa wa Miladia.

Tarakimu za Kiarabu cha mashariki zijifunze kwa kuandika kwa mkono, ni kazi ya jioni moja: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Angalia kwamba sifuri ni nukta, na kile kinachofanana na sifuri yetu ni tano. Nimewaona watu wakiipachika sarafu katika karne isiyo yake kwa kosa hilo moja.

Iko pia sarafu ambayo mwaka wake haukwambii chochote. Ile ya fedha ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, na imeendelea kufuliwa kwa mwaka huohuo hadi zama zetu, Vienna na pia Roma, London, Paris, Brussels na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa kupokea nyingine. Kwa hiyo anayekwambia “hii ina zaidi ya miaka 200” huenda anashika kipande cha juzi. Kiswahili kiliita sarafu kubwa za fedha kama hizo reale, na ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ikaitwa reale ya mzinga, kwani machoni pa watu nguzo zile zilikuwa mizinga. Mtu akiisikia habari hiyo huku ameshika nguzo zenyewe, hazioni tena kama nguzo.

Tafuta herufi ndogo pembeni mwa picha au chini ya mwaka. Hiyo mara nyingi ni alama ya kiwanda: kwa sarafu za Kijerumani A ni Berlin, D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg, kwa za Marekani D ni Denver na S ni San Francisco. Kwenye heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo jina lao ndilo hela tunayolitamka kila siku, utakuta A au J. Ukikuta T na mwaka 1916, simama uitazame vizuri. Hiyo ilifuliwa Tabora, vitani, katika karakana ya reli, sarafu za Ulaya zilipokuwa haziwezi kufika. Taji na maandishi yake yanatofautiana kati ya kipande na kipande, na haraka ya waliokuwa wakiifua bado inaonekana usoni mwake.

Mwisho igeuze. Ishike kushoto na kulia, uipindue ili juu yake iende chini. Upande wa pili ukisimama wima, iko kama za Marekani. Ukija kichwa chini, iko kama za Uingereza na za yuro, ambazo hupinduliwa kama ukurasa wa kitabu. Jambo dogo, lakini likienda kinyume na desturi ya nchi husika, uwe na shaka.

Hatua ya 3: Ipime

Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, rula ya milimita na sumaku, basi. Fedha, dhahabu, shaba nyekundu na shaba njano hazivutwi na sumaku. Chuma huvutwa, na nikeli tupu pia. Senti ya Marekani ya 1943 ni mfano unaofaa kuwaonyesha watoto: mwaka ule shaba ilihitajika vitani, ikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki, nyeupe, na inarukia sumaku. Ukiuziwa ya 1943 yenye rangi ya shaba na sumaku ikaidaka, ujue ni chuma kilichopakwa rangi baadaye.

Reale ya Maria Theresa halisi ina gramu 28.07 hivi. Lakini mimi huanza na ukingo wake kabla ya mizani, kwa sababu ukingoni mwote kumeandikwa kwa Kilatini maneno ya haki na huruma, na mwenye kughushi kwa kumimina madini kwenye kalibu hushindwa hapo kwanza. Atabakiwa na mstari wa kiungo unaouzunguka ukingo, au herufi zilizovimba kama mkate. Ukingo umekuwa mlinzi tangu zamani. Wakati sarafu ilikuwa fedha tupu watu waliikata pembeni kidogo kidogo wakalimbikiza vipande, ndiyo maana ikawekwa michirizi na maandishi. Sarafu za Uingereza zilianza mwaka 1662 kuandikwa ukingoni DECUS ET TUTAMEN, pambo na kinga.

Hatua ya 4: Iandikie kadi

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, akiwa katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu. Aliziweka kwenye kopo, na miaka 35 ikapita. Mwaka 1979 alizipeleka zikatambuliwe, na zile tano zikawa za masultani wa Kilwa, zilizovuka bahari nzima kufika pale. Zimeshughulisha wataalamu mpaka leo, na sababu ni moja: kwenye ramani alikuwa ametia alama ya X mahali alipoziokotea. Bila X ile zingekuwa sarafu tano za Kilwa ndani ya kopo, na hakuna ambaye angeziuliza swali.

Basi kila sarafu ipate kadi yake. Andika nchi, thamani iliyoandikwa, mwaka kama ulivyo na mwaka uliogeuzwa, madini, uzito, kipenyo. Hayo yote mtu mwingine anaweza kuyapata tena baada yako. Asichoweza kukipata ni ilikufikiaje: nani alikupa, lini, alikuwa anatoka wapi, alisema nini alipokukabidhi. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama mwenye habari bado yuko hai, weka chini mwongozo huu, uende ukamuulize leo, na ubebe sarafu yenyewe, maana kumbukumbu hurudi haraka mkononi kuliko masikioni.

Na kama umeambiwa sarafu imefukuliwa ardhini, uliza kwa ruhusa ya nani. Nchi nyingi zina sheria za mambo ya kale, na sarafu iliyong'olewa kwa siri imeshapoteza X yake.

Hatua ya 5: Ipe makazi

Kwa ufupi. Tumia vishikio vya karatasi ngumu vyenye dirisha la poliesta, au vidonge vya plastiki ngumu, yaani vikasha vya duara vinavyofunga sarafu moja moja. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ndiyo ile inayotoa utando wa kijani; itupe. Usifunge sarafu kwa mpira wala kuzizungushia gazeti, vyote vina salfa. Weka pakiti ya silika jeli ndani ya sanduku kunyonya unyevu. Usitumie sanduku la mti wa mwaloni, hutoa mvuke wa tindikali.

Hatua ya 6: Waonyeshe watu

Wengi tunakosea hapa kwa upendo. Tunaleta kila kitu. Mgeni anafunguliwa albamu yenye sarafu 300, anasema “hongera” ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa nne macho yake yameshaondoka. Chagua tatu. Nasisitiza, tatu. Zifungamane kwa uzi mmoja: tatu zenye tundu, tatu za vita, tatu za nchi moja iliyobadili jina, tatu zenye wanyama.

Chukua zenye tundu. Weka ya kwanza, ile ya Kichina ya shaba yenye tundu la mraba, umwache mgeni aitazame huku umenyamaza. Atauliza mwenyewe tundu la nini, nawe umweleze kwamba zilitungwa kwenye kamba na kuhesabiwa kwa mafungu. Halafu leta yen 5 ya Japani, njano, tundu la duara na suke la mpunga. Mwambie atafute tarakimu. Hataiona, maana tano yenyewe imeandikwa kwa herufi tu, ni sarafu ya leo inayomtaka msomaji ajue kusoma. Ya tatu iwe senti 10 ya Afrika Mashariki ya wakoloni wa Kiingereza, yenye pembe za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu. Sasa una swali linalowakalisha watu: kwa nini watu wa mbali hivyo wote walitoboa pesa zao? Majibu ni mengi, kuokoa madini, kutofautisha kwa kugusa, kubeba kwa kamba, na mgeni atayafikia mengi kabla hujasema neno.

Waruhusu waguse. Najua wapo watakaonipinga. Ninachofanya ni kutenga sarafu za mkono, zilizokwisha lika kwa matumizi, ambazo kidole kimoja zaidi hakitazidhuru. Zile zilizobaki na uso wake wa kiwandani hukaa ndani ya vidonge, ziangaliwe kwa lenzi. Lakini sarafu ya mkono ishikwe, ipimwe uzito kiganjani, isuguliwe kwa gumba kama walioitumia walivyoisugua. Mfundishe mgeni kuishika kwa ukingo, juu ya taulo, viganja vikiwa chini karibu na meza ili ikidondoka isiumie. Kwa mtu asiyeona, maonyesho yote yawe ya mkono: yuro ziliundwa kingo zake zitofautiane ili zitambulike kwa kugusa, na ile ya senti 20 yenye vijipengo saba hukaa mkononi isichanganywe na nyingine.

Usianze na bei. Swali la “hii inauzwa ngapi?” litakuja tu, nawe lijibu kwa ukweli, kwamba sarafu nyingi za kale ni za kawaida, kwa sababu zilifuliwa kwa mamilioni. Kisha lirudishe swali kwa wakati wake: siku ilipotoka kiwandani ingenunua nini? Mkate? Kazi ya siku nzima? Hapo watu huegemea meza. Nina pia kipande cha rappen 10 cha Uswisi ninachokiweka mwisho kwa ajili ya hilo, kwa kuwa umbo lake halikubadilika tangu 1879 na bado linapokewa dukani kwao.

Watoto wape kazi, si hotuba. Penseli na karatasi nyembamba juu ya sarafu iliyolika, wasugue picha itokee. Au wape lenzi na orodha: tafuta mnyama, tafuta mmea, tafuta herufi usiyoijua. Na kila mtoto aondoke na moja ya kwake kutoka kwenye zile zilizojirudia, pamoja na kadi yake.

Hatua ya 7: Picha na kubadilishana

Ukitaka kumtumia picha rafiki aliye mbali, weka sarafu juu ya kifuniko cha chupa ili usuli ufifie, simu iwe juu yake wima kabisa, mwanga wa dirisha utokee upande mmoja. Piga mbele, nyuma na ukingo, na moja ikiwa na rula. Usiiongezee rangi, kwa sababu anayeitazama anataka kujua ilivyo. Usipige picha ya sanduku zima na chumba lilimo.

Unapobadilishana, taja kasoro kabla hujaulizwa: tundu lililotobolewa kuvaliwa shingoni, alama ya kusuguliwa, ukingo uliokatwa. Nakili kadi nzima uipeleke pamoja na sarafu, historia yake isikatike mikononi mwako. Kwa posta, ibane kati ya makaratasi mawili magumu isitikisike, maana bahasha inayogonga inatangaza kilichomo.

Wageni wakiondoka, hesabu sarafu kabla ya kukunja taulo, uzirudishe kwenye vishikio vyake. Halafu keti dakika chache na kadi zile tatu. Mgeni mmoja atakuwa amesema baba yake alizihesabu zile kwa kuzipanga vidoleni, mwingine atakuwa amezitaja kwa jina ambalo hujawahi kulisikia. Liandike nyuma ya kadi, na tarehe, na jina la aliyelisema.